Bei ya Gari la Marehemu Joram

Kama ndio kwanza unaufungua ukurasa huu, ngoja nikupe yaliyopita kwa ufupi, halafu unihukumu pamoja na wenzako.

Jina langu ni Hiram. Kazi yangu ni kuthamini magari. Gari likigongwa, likirithiwa, au mwenyewe akitaka kuliuza na hajui aanzie wapi, mimi ndiye huitwa. Nalala chini yake na tochi, nagonga madigadi kwa kidole, kisha naandika bei kwenye karatasi na kupiga mhuri. Hapa Kisumu tuko wawili tu wa kazi hii, na huyo mwenzangu huwa amelewa kabla ya saa sita mchana.

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 1973, mjane mmoja wa Asembo Bay, Lornah Obiero, aliniachia gari la marehemu mumewe, Joram, ili nimwambie litauzwa kwa ngapi. Na si gari la kawaida. Ni Austin-Healey nyekundu ya mwaka wa sitini na moja, gari la spoti, viti viwili, paa la turubai. Mzungu mmoja wa Songhor alipokuwa akirudi kwao alimwachia Joram, karani wake, kwa bei ya baiskeli. Baadaye Joram akapata kazi ya kupima miwa kwenye mizani ya malori huko Muhoroni, lakini gari hakuliacha. Kila Jumapili alikuja nalo Kisumu, na waumini waligeuza shingo kanisani waliposikia mlio wake.

Septemba iliyopita Joram alikutwa amekufa kando ya barabara, kwenye kona ya kwanza ukishapita Awasi. Iliandikwa kwamba alikuwa akibadilisha tairi, akagongwa na gari lisilojulikana.

Sasa, bei ya Peugeot ningekutajia hata nikiwa usingizini. Lakini hili la Joram halikuwa na mwenzake mkoa mzima. Bei ya kitu hupatikana kwa kukilinganisha na mwenzake. Kisicho na mwenzake utakilinganisha na nini? Ikabidi nitumie ujanja wa kazi yetu. Niliweka tangazo gazetini kana kwamba gari linauzwa, ili nisikie watu watataja ngapi.

Tangazo lenyewe liliandikwa hivi: "Inauzwa. Austin-Healey 3000, viti viwili, nyekundu. Magurudumu ya waya. Vifaa vyote vya kiwandani vipo, pamoja na nyundo yake, ambayo haijatumika hata mara moja."

Hiyo sentensi ya nyundo niliiongeza kwa majivuno tu. Wapenzi wa magari haya huongeza bei kwa vitu vidogo kama hivyo, na nyundo ile ya kichwa cha shaba ilikuwa bado imefungwa kwenye karatasi yake ya mafuta, kwa uzi uleule wa Uingereza. Kumbe nilikuwa nachimba kaburi.

Majibu yalikuja matatu. Mwalimu mmoja wa Kericho alitaja elfu kumi na mbili. Daktari wa Nakuru akataja kumi na nne. Hapo bei nikawa nimeipata. Wa tatu alikuwa Bwana Absalom, mwenye malori ya kubebea miwa kule Muhoroni, yaleyale ambayo Joram alikuwa akiyapima. Alikuja mwenyewe ofisini kwangu. Alitaja elfu arobaini, na gari alikuwa hajaliona.

Nami nilifanya nini? Nilimwambia mjane kwamba gari lake lina thamani ya elfu nane. Nikapokea elfu tano za Absalom kama malipo ya kwanza. Nilipanga kuliuza kwake kwa arobaini, nimpe mama wa watu nane, na zinazobaki ziwe zangu. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, nikicheka peke yangu ofisini.

Sijacheka tena tangu siku hiyo.

Aliyeanza kunitia hofu ni mke wangu mwenyewe. Waringa huuza viazi soko la Kibuye, na hakuwahi kuniuliza habari za kazi yangu. Jumatatu jioni alikuwa anamenya viazi hivyohivyo, mimi najisifu.

"Baba Gakenia," akasema, "wewe ulimwambia huyo mtu bei gani?"

"Sikumwambia. Alitaja mwenyewe."

Akakiweka kisu chini. "Mtu hajaambiwa bei, anataja arobaini?"

"Ana pesa. Ana malori kumi na moja."

"Mwenye pesa ndiye hupunguza kushinda wote. Mimi nimeuza viazi miaka nane. Mtu akikuja bila kupunguza, kwanza naangalia kama pesa yake ni ya kweli. Ikiwa ni ya kweli, naangalia ni nini ingine iko ndani ya gunia."

"Hii si viazi, Waringa."

"Ndiyo nakuambia. Angalia ni nini ingine iko ndani ya gunia."

Nilimcheka. Lakini kulipopambazuka nilikuwa uani nimeshika bisibisi. Niling'oa viti vyote viwili. Niliinua mikeka, nikafungua milango kwa ndani, nikaingiza mkono hadi kwapani mahali ambapo hata panya hafiki. Nilipata peni moja na tikiti ya zamani ya mizani. Basi.

Msomaji, kama ningepata bangi au dhahabu, ningepumua. Ningejua mtu ananunua nini. Lakini nilikaa pale chini katikati ya viti, nikalitazama gari lile tupu, na kwa mara ya kwanza niliogopa bei. Mtu anayelipa mara tatu ya thamani hanunui gari. Sasa ananunua nini?

Nikajiambia: Hiram, maliza biashara hii upesi. Mpelekee mama karatasi atie sahihi, mpe Absalom gari lake, ufunge mdomo. Tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hiyo naijua tangu shule ya msingi, na haikunisaidia.

Jumatano asubuhi na mapema nilikuwa Asembo Bay. Nilimkuta Mama Lornah nyuma ya nyumba akigeuza samaki juu ya moshi, macho yamemwiva, kanga imefungwa kiunoni.

"Oyawore, Bwana Hiram. Karibu ndani. Keti hapa, siyo hapo. Hiyo kiti ni ya Joram."

Niliketi nilipoonyeshwa. Nilitoa karatasi zangu na peni. Sikutaka kunywa chai, lakini chai ililetwa.

"Hiyo elfu nane, nimefikiria sana," akasema. "Joram alikuwa ananiambia hii gari ni kitu ya maana. Alikuwa anasema, Lornah, nikikufa leo hutalala njaa. Lakini mimi nitajua namna gani? Wewe ndiye unajua gari. Ukisema nane, ni nane."

Chai ilinipalia.

"Soko ni baya, Mama," nikasema.

"Sawa. Lakini kuna kitu moja. Kama ni ya gari, iende na gari."

Akatoka, akaenda ghalani. Alirudi amebeba kitu kizito kilichoviringishwa kwenye shati la mwanamume. Hakukipakata, alikishika mbali na mwili wake, kama mtu anayebeba nyoka aliyekufa.

"Tulipogawa vitu vyake, koti ilienda kwa ndugu yake. Saa ikaenda kwa mjomba. Viatu, kofia, kila kitu ilipata mtu. Hii wote walikataa. Kitu mtu ameshika akikufa, nani atapeleka kwa nyumba yake? Imelala ghalani miezi tano. Mimi hata siendi upande huo jioni."

"Alikuwa ameishika?"

"Walikuta nayo kwa mkono. Alikuwa anafungua tairi."

Nikafungua lile shati.

Ilikuwa spana. Spana ya magurudumu, ndefu kama mkono wangu, nzito, mdomo wake mpana wa kuingia nati kubwa. Niliitazama kwa muda. Kisha nikaupima mdomo huo kwa vidole, mara mbili.

Ngoja nieleze, maana si kila mtu amewahi kuona gari kama lile. Gurudumu la lori hufungwa kwa nati nyingi, na nati hizo hufunguliwa kwa spana. Hata la Peugeot ni hivyo. Lakini gurudumu la Healey halina nati hizo. Lina nati moja tu katikati, yenye masikio mawili, na ili kuifungua unayapiga masikio hayo kwa nyundo. Spana haina mahali pa kuingia. Kusema Joram alikufa akifungua tairi kwa spana ile ni sawa na kusema mtu amezama ziwani ameshika jembe, eti alikuwa anavua.

Na nyundo yake, ile ya kweli, ilikuwa kwenye buti ndani ya karatasi yake, na uzi haujakatwa. Tairi zake zote Joram alikuwa akimletea fundi mmoja wa mjini. Yeye mwenyewe hakuwahi kufungua hata moja.

Kwa hiyo spana hii aliwekewa mkononi. Na aliyemwekea ni mtu wa malori, mtu ambaye tangu azaliwe ameona gurudumu likifunguliwa kwa njia moja tu, hata hakufikiri kuna nyingine. Alilala usingizi wake mzuri miezi mitano. Halafu siku moja akafungua gazeti, akasoma tangazo langu: nyundo yake, ambayo haijatumika hata mara moja.

Niliifunika tena kwa shati.

"Mama," nikauliza, "nani alimkuta barabarani?"

"Si Bwana Absalom? Yeye ndiye alileta mwili mpaka hapa kwa lori yake. Alilia kuliko hata ndugu. Na sukari ya matanga alileta gunia mbili."

Nje kuku walikuwa wakigombana. Nakumbuka, kwa sababu nilitamani mmoja wao awe mimi.

Mama Lornah alikuwa ananitazama. Si mjinga mama yule. Wauza samaki husoma uso wa mnunuzi kabla hajafungua mdomo.

"Bwana Hiram. Kuna kitu nimekuwa nataka kuuliza mtu, na sikujua nitauliza nani. Joram alikuwa na vyombo yake yote kwa ile mfuko ya ngozi. Hii sijawahi kuona kwake. Wewe ni mtu ya magari. Hii spana ni ya gari yake?"

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu haya ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika hadithi hii. Elfu nane nilizomdanganya si kitu. Pesa hurudishwa.

Nilijua jibu. Ningesema neno moja tu, "Hapana," na mjane yule angejua mumewe aliuawa. Lakini niliona pia yatakayofuata. Angepiga ukemi, boma lingejaa watu, na kabla jua halijatua habari ingefika Muhoroni kwamba ni Hiram aliyesema. Na elfu tano za Absalom zilikuwa mfukoni mwangu, zimegusa paja.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni ya gari."

Akashusha pumzi. Akafuta macho kwa pembe ya kanga.

"Erokamano. Umenitoa mzigo. Nilikuwa nafikiria mambo mabaya usiku."

Kisha akachukua peni, akatia sahihi pale nilipomwonyesha, polepole, herufi moja moja. Mimi nikaikunja karatasi kabla wino haujakauka.

"Na hii ichukue," akasema, akinisogezea spana. "Sitaki kuiona tena kwangu."

Niliitia katika mkoba wangu wa kazi. Ulilemea upande mmoja kama umebeba jiwe la kusagia.

Njia nzima ya kurudi Kisumu nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Tulipoanza kuyaona mabati ya mjini, nilikuwa nimeshakata shauri. Ningechukua nyundo kwenye buti, na uzi wake bila kukatwa, niiweke pamoja na spana juu ya meza ya polisi. Vitu viwili hivyo vikikaa pamoja, hata asiyejua kuendesha baiskeli angeelewa. Halafu ningerudi kwa Mama Lornah nipige magoti. Niliona kifua kimekuwa chepesi. Hata nilipiga mluzi kidogo.

Nilipoingia uani kwangu, mluzi ulikufa.

Paa la turubai lilikuwa limeshushwa. Bwana Absalom alikuwa ameketi kwenye usukani wa Healey, mikono juu ya magoti, amengoja kwa adabu kama mtu aliye foleni ya daktari. Ni mtu mfupi, mpole wa maneno. Alikuwa amekuja na mto wake wa kukalia, kwa sababu amezoea kukaa juu kwenye lori, na gari lile hukukalisha karibu chini.

"Ah, Bwana Hiram. Mama watoto alinipa ufunguo. Ameniambia ulienda Asembo."

Waringa alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Baba Gakenia, chakula iko tayari," akasema haraka. "Kuja ule kwanza."

"Chakula itangoja, Mama," akasema Absalom. "Gari ndiyo hainunuliwi bila kuendeshwa. Tutafika Awasi tu, turudi."

"Kesho," nikasema. "Leo nimechoka, Bwana Absalom. Kesho asubuhi..."

"Leo." Hakupandisha sauti. "Mama Lornah alikuwa mzima? Nilikuwa na wasiwasi juu yake. Nimetuma lori yangu moja huko, imbebe yeye na samaki yake mpaka Muhoroni, akae na mke wangu siku mbili tatu. Lazima mmepishana. Dereva yangu ni mtu mzuri. Anafanya tu kile nimemwambia."

Akanitazama usoni kuona kama nimeelewa. Nilielewa.

Nikaingia garini.

Mkoba niliuweka juu ya magoti na kuukumbatia. Waringa alikimbia hadi langoni, akasimama na mkono mdomoni. Sikuweza hata kumpungia.

Tulipita kiwanja cha maonyesho, tukaishika barabara ya Kericho. Absalom aliendesha taratibu, na kila alipobadilisha gia, kiwiko chake kiligonga mkoba wangu, na mkoba ukatoa mlio wa chuma.

"Hiyo mfuko ni nzito," akasema.

"Vitabu vya kazi."

"Weka nyuma."

"Nyuma hakuna nafasi. Hili ni gari la watu wawili."

Akacheka. "Watu wawili. Nimependa hiyo. Hakuna wa tatu wa kusumbua."

Ahero kulikuwa na watu wengi, na ng'ombe walikuwa wanavuka, ikabidi asimame. Mlango ulikuwa karibu na mkono wangu. Ningeruka, ningepiga kelele, watu wangejaa. Nilishika kitasa. Kisha nikamwona Mama Lornah katika akili yangu, amebanwa mbele ya lori na samaki wake nyuma, pamoja na dereva anayefanya tu kile ameambiwa. Nikakiachia kitasa. Sitaki kujisifu kwa hilo. Labda miguu ndiyo iliyokataa.

Nikajaribu njia niliyoizoea. Nilijaribu bei.

"Bwana Absalom, nimekosea hesabu. Gari hili halipiti elfu kumi na nne. Daktari wa Nakuru ametaja kumi na nne, na hiyo ndiyo haki yake. Elfu tano zako ninazo hapa. Chukua."

Msomaji, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipotamka bei ya kweli ya gari lile, na nilimtamkia mtu ambaye hakuitaka.

"Hapana," akasema. "Mimi nimeridhika. Arobaini ni bei nzuri kwa gari na kila kitu yake."

"Kila kitu?"

"Si uliandika kwa gazeti? Nilisoma mara tatu. Unaandika vizuri. Mimi nimefanya kazi ya malori miaka ishirini na mbili, na sikujua kuna gari inafunguliwa tairi kwa nyundo. Mtu hujifunza mpaka uzeeni."

Niliukumbatia mkoba zaidi.

Tukapita Awasi. Tukapita maduka ya mwisho. Mbele yetu kona ile ilijitokeza, miwa huku na huku, mirefu kuliko mtu. Hapana mtu wa Kisumu ambaye hajaonyeshwa mahali pale.

Absalom akaegesha kando, pale pale, akazima injini. Jua la saa tisa lilikuwa linachoma boneti.

"Tairi ya nyuma inavuta," akasema. "Toka uangalie."

Nilitoka na mkoba wangu. Niliitazama tairi. Ilikuwa imejaa upepo kama ngoma.

"Ni nzima."

"Mimi naona ni pancha. Chukua nyundo ufungue."

Nikaenda nyuma, nikafungua buti. Karatasi ya mafuta ilikuwepo. Uzi ulikuwa umekatwa. Nyundo haikuwepo.

Niliishika ile karatasi tupu, nikaigeuza, kana kwamba nyundo ingejificha upande wa pili. Alikuwa na saa nzima peke yake uani kwangu, na ufunguo mkononi. Nusu ya ushahidi wangu sasa ilikuwa chooni kwa mtu au ziwani.

"Hakuna nyundo?" akauliza Absalom, akija polepole. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. "Basi tumia ile spana umebeba tangu Asembo. Si ni ya hii gari? Toa."

Aliyajuaje? Labda aliutambua mlio wa chuma kwenye mkoba. Labda alikuwa akiifikiria ile spana kila siku kwa miezi mitano, akijua iko kwa mjane, akingoja nani ataitoa. Nilifungua mkoba, nikaitoa.

"Piga magoti. Mtu hafungui tairi amesimama."

Nikapiga magoti. Niko pale alipokuwa Joram, nimeshika alichoshikishwa Joram. Mchanga ulikuwa wa moto. Nilianza Baba Yetu nikakwama kwenye mkate wa kila siku.

Ndipo niliposikia lori.

Lilikuja kutoka upande wa Ahero, na kabla sijaliona nilisikia minyororo ya kufungia miwa ikigongana. Nikaligeukia. Liliikata kona likiwa katikati ya barabara, jekundu, na jina la Absalom limeandikwa juu ya kioo. Nilifumba macho. Nilimwita Waringa kwa sauti.

Breki zikalia. Vumbi likanifunika.

Nilipofumbua macho, lori lilikuwa limesimama hatua kumi kutoka kwangu, na Absalom, yule mpole, alikuwa anafoka kama kichaa.

"Nani amekuambia usimame hapa? Wewe! Endesha! Nenda!"

"Mzee, ni huyu mama," dereva akapaza sauti. "Amesema lazima nisimame. Ameshika usukani!"

Mlango wa pili ukafunguliwa. Mama Lornah akateremka, miguu mitupu, viatu mkononi.

"Hajawahi kupita hapa tangu Joram akufe," dereva akasema. "Anasema hawezi kupita kama mtu hajui ni hapa alikufa."

Mama Lornah hakumjali hata Absalom. Alitembea hadi kwenye gari la mumewe, akaliwekea kiganja. Kisha akaniona mimi chini, magotini, na spana mikononi. Akasimama. Nilimwona akinitazama mimi, akiitazama spana, akilitazama gurudumu.

Absalom akainama karibu na sikio langu. Koti lake lilinigusa bega, na kitu kigumu kilichokuwa mfukoni kikanigusa mbavu.

"Mwambie ni pancha. Mwambie umemaliza. Halafu simama."

"Ni pancha, Mama," nikasema.

"Ndivyo alikuwa?" Mama Lornah akauliza. Hakulia. "Namna hiyo, kwa magoti? Na hiyo spana?"

"Ndiyo, Mama. Nimemaliza sasa."

"Hapana. Usisimame." Alichuchumaa kando yangu, karibu kabisa, hata nikasikia harufu ya moshi wa samaki katika kanga yake. "Wewe ulisema ni ya gari. Fungua. Nataka nione vile Joram alikuwa anafanya mara ya mwisho."

Kile kitu kigumu kikanisukuma mbavuni zaidi.

Nikaipeleka spana kwenye ile nati yenye masikio mawili. Mdomo wake mpana ukazunguka hewani, ukateleza, ukagonga waya za gurudumu. Nikairudisha. Ikateleza tena.

"Bwana Hiram," akasema Mama Lornah, taratibu sana, "mbona haishiki?"